Hati Ikipotea, Mali Haipotei: Historia Fupi ya Karatasi Zetu za Umiliki



Katika kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu, wenzetu wameandika kuhusu mikopo, marejesho, na miradi ya akina mama sokoni na mwaloni. Sisi tumepewa kurasa za historia. Tumeona ni vema tuandike juu ya jambo dogo kwa macho ambalo limewanyima usingizi wanakikundi wengi: karatasi. Tunasema hati ya kiwanja, cheti cha hisa, karatasi ya vipande, na kile kitabu kidogo cha mwanachama. Je, karatasi hiyo ikipotea, ikiibwa, ikilowa au ikiliwa na mchwa, mali nayo imekwenda?

Jibu letu tunalitoa mapema. Karatasi ni shahidi wa mali. Mali yenyewe imeandikwa kwenye daftari, na jina lililomo daftarini ndilo lenye mali. Daftari likiwa hai, karatasi inaweza kuzaliwa upya. Daftari likifa, hata karatasi safi iliyofungwa kwenye nailoni haina nguvu. Haya hatukuyasoma kitabuni tu, mengine tumeyaona kwa macho yetu.

1. KASHA LA MAKUFULI MATATU

Njia tunayoitumia kuweka akiba haikuanzia kwetu. Mwaka 1991 shirika la CARE liliwasaidia akina mama wa eneo la Maradi, nchini Niger, kupanga vikundi vya kuweka na kukopeshana bila kutegemea benki. Njia hiyo ikasambaa Afrika, ikafika Zanzibar na Bara mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kwetu watu wengi wakaizoea kwa jina la VICOBA. Mwaka 2018 Bunge likapitisha Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha, na vikundi vya kijamii kama chetu vikawekwa rasmi katika daraja la nne la watoa huduma hizo.

Kila mwanachama ana kitabu chake. Hisa anazonunua zinagongwa mhuri humo. Kasha lina makufuli matatu, funguo wanazo akina mama watatu, na kasha analitunza mwingine kabisa ambaye hana ufunguo. Hivyo mtu mmoja hawezi kulifungua peke yake hata akitaka.

Mwaka wetu wa tatu, mvua kubwa ilinyesha usiku. Wanaoishi huku kwetu wanajua maji yanavyoshuka kutoka kwenye mawe ya mlimani, hayabishi hodi. Nyumba ya mwenzetu mmoja iliingia maji mpaka magotini. Wakati ule kitabu chake alikuwa nacho nyumbani kwa sababu alikipeleka kwa mwanawe amsomee hesabu. Asubuhi kilikuwa uji mtupu. Mama wa watu alikuja mkutanoni analia, akijua hisa zake za miezi minane zimekwenda na maji.

Basi tulifanya hivi. Katibu alifungua daftari kuu, akasoma hisa za kila wiki kwa jina lake. Halafu mwenyekiti akauliza kikao: nani anakumbuka? Maana utaratibu wetu ni kwamba kila mkutano hesabu zinasomwa kwa sauti, na wanachama wanazishika kichwani. Akina mama wawili waliokuwa wakikaa naye mkeka mmoja walitaja jumla ile ile iliyokuwa daftarini. Mabaki ya kitabu yakapigwa mstari mwekundu na kuwekwa kwenye kasha, kitabu kipya kikaandikwa neno "Nakala", na saini tatu zikawekwa. Hakupoteza hata senti.

Bila kujua, tulikuwa tumefanya kwa udogo kile ambacho Msajili wa Hati anakifanya kwa ukubwa: daftari kuu, ushahidi wa watu, kufuta karatasi ya zamani, ndipo unatoa mpya.

2. PAMBA NA DAFTARI LILILOFUNGWA

Wazee wetu wa Usukumani walijua thamani ya maandishi kabla yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Viktoria, makao yake hapa Mwanza. Kiongozi aliyejulikana sana ni Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha. Baada ya miaka kadhaa shirikisho hilo lilirithiwa na Chama cha Ushirika cha Nyanza.

Mkulima alikuwa na risiti ya pamba aliyouza na kumbukumbu ya hisa yake chamani. Lakini Mei 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika nchi nzima. Ununuzi wa mazao ukahamia kwa mamlaka za mazao, na kazi za vyama vya msingi zikachukuliwa na vijiji. Sheria mpya ya ushirika ilipitishwa mwaka 1982, na vyama vikuu vikarudi mwaka 1984.

Tunaitaja habari hii kwa sababu inaonyesha upande wa pili wa jambo letu. Mwaka ule wa 1976 hakuna mwizi aliyeingia nyumbani kwa mkulima, wala karatasi yake haikuungua. Kilichovunjwa ni chama chenyewe, ambacho ndicho kilichoipa karatasi ile maana. Kwa hiyo usiulize tu, "Karatasi yangu iko wapi?" Uliza pia, "Nani anatunza daftari, na daftari hilo linakaguliwa na nani?"

3. ARDHI: TANGAZO LA MWEZI MMOJA

Daftari la serikali la umiliki wa ardhi ni la zamani katika nchi hii. Wajerumani walianzisha lao mwaka 1903, Waingereza wakaja na taratibu zao, na mwaka 1953 ikatungwa Sheria ya Uandikishaji Ardhi, Sura ya 334. Hiyo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayotumika mpaka leo. Hati unayokabidhiwa ina mwenzake, yaani kumbukumbu iliyobaki kwa Msajili wa Hati.

Hati ikipotea, mwenye nayo anakwenda polisi kuchukua taarifa ya upotevu, ile watu wanaiita losi ripoti, ambayo siku hizi huombwa hata kwa mtandao. Anakula kiapo kwa wakili au hakimu akieleza hati ilivyopotea, na kwamba hakuiweka rehani wala hakuiuza. Anapeleka maombi kwa Msajili na kulipa ada. Kisha Msajili anatangaza katika Gazeti la Serikali, lile linalotoka kila Ijumaa. Akina mama wengi hawajawahi kuliona, lakini tangazo lenyewe ni fupi: linataja namba ya hati, jina la mmiliki na namba ya kiwanja, linasema hati hiyo imepotea, na kwamba itatolewa mpya iwapo hakutakuwa na kipingamizi kwa muda wa mwezi mmoja. Mwisho linaagiza hati ya asili ikionekana irudishwe kwa Msajili.

Watu hulalamika kwamba mwezi huo ni usumbufu. Sisi tunauona ni ngao. Ndani ya mwezi huo mjane aliyefichiwa hati na shemeji anaweza kujitokeza na kusema, "Haijapotea, ninajua iliko." Benki iliyokopesha inaweza kusema, "Hati iko kabatini kwetu, tumekopeshea fedha." Pasingekuwa na tangazo, kila mwongo angepata hati ya pili na kuuza nyumba mara mbili.

Lakini jamani, tuseme ukweli. Wengi wetu tunaokaa vilimani hatukuanza na hati. Tulianza na karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono, mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa. Karatasi ile ikiungua hakuna Msajili wa kuitafuta, kuna kumbukumbu za watu tu, na watu wanakufa na kuhama. Ndiyo maana kazi ya urasimishaji wa makazi ilipofika kwenye vilima vya jiji letu tuliwahimiza wanakikundi wachangie upimaji hata kwa kukopa. Tulikuwa tunanunua nafasi ya jina kwenye daftari.

4. HISA NA VIPANDE

Mwaka 1994 ilitungwa Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na tarehe 15 Aprili 1998 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilifungua milango kwa hisa za kampuni moja tu, TOL. Mwaka huo huo Kampuni ya Bia ikaingia. NMB ilifika sokoni mwaka 2008 na CRDB mwaka 2009. Hisa moja ya CRDB iliuzwa kwa wananchi kwa sh. 150/=, bei ambayo hata mama wa dagaa aliweza kuifikiria.

Halafu ukaja utaratibu wa dhamana ya pamoja. Mwaka 2003 ilianzishwa UTT, na mwaka 2005 ikazindua Mfuko wa Umoja ili mwananchi wa kipato kidogo naye apate sehemu katika uchumi, zikiwemo kampuni zilizobinafsishwa. Mwaka 2013 kazi ya kuendesha mifuko ilikabidhiwa kwa UTT AMIS. Ukiweka fedha humo unapata vipande. Fedha za wengi zinaunganishwa na kuwekezwa, na kila mmoja anamiliki kwa kadiri ya vipande vyake.

Jambo la kulielewa ni kwamba katika dhamana ya aina hii meneja anaendesha mfuko, mali inatunzwa na benki nyingine, na wote wawili si wenye mali. Wenye mali ni wale walioandikwa kwenye daftari la wawekezaji. Ni kama kasha letu: mwenye kasha hana ufunguo, na mwenye ufunguo hana kasha.

Kikundi chetu nacho kilinunua vipande katika mfuko mmoja kwa kutumia faida ya mwaka. Siku moja mweka hazina wetu alikuwa anatoka mjini na mkoba wenye karatasi zetu za vipande. Kwenye msongamano wa kupanda daladala mkoba ukaporwa. Habari ilienea Mkuyuni kabla yeye hajafika nyumbani. Wapo waliosema tayari, "Hela za akina mama zimeliwa." Wapo waliotaka kuchukua akiba zao siku hiyo hiyo. Kwa kweli kikundi kilitikisika, na mwenzetu yule alianza kuangaliwa kwa jicho baya.

Asubuhi yake viongozi watatu walipeleka taarifa polisi, wakapewa RB. Siku hiyo hiyo wakatoa taarifa kwa mfuko ili asitokee mtu wa kuuza vipande kwa jina letu. Wakaandika barua yenye saini za watia saini wote, wakaambatanisha vitambulisho na muhtasari wa kikao. Tukapata taarifa mpya ya akaunti, vipande vyetu viko vile vile. Tuliisoma kwa sauti mkutanoni, namba kwa namba, na waliosema maneno wakaomba radhi. Siku ile akina mama wengi walielewa kwamba mwizi aliondoka na karatasi, hakuondoka na mali.

5. IMEPOTEA, IMEIBWA, IMEHARIBIKA

Haya mambo matatu yasichanganywe. Tunayaeleza kwa kifupi ili mwanakikundi akate kurasa hizi na kuziweka.

Karatasi IKIPOTEA, tafuta kwanza, uliza benki, uliza wakili, uliza ndugu. Ukishahakikisha, chukua losi ripoti, kula kiapo, andika barua kwa anayetunza daftari. Kanuni za kampuni tulizorithi kwa Waingereza zinakubali cheti cha hisa kilichopotea kitolewe upya kwa ada, pamoja na ushahidi, na ahadi ya mwenye hisa kwamba atafidia hasara ikija kubainika cheti cha zamani kimetumika. Ahadi hiyo ya kufidia watu huisaini bila kuisoma. Isome.

Karatasi IKIIBWA, usingoje. Mpe taarifa anayetunza daftari siku hiyo hiyo, aweke zuio. Mwizi hawezi kuhamisha mali kwa urahisi bila saini yako na kitambulisho chako, lakini anaweza kumdanganya mkopeshaji wa mtaani na kuiweka bondi.

Karatasi IKIHARIBIKA, usiitupe hata kama imebaki robo. Mabaki yale ndiyo ushahidi wako bora kwa kuwa yana namba na mhuri. Unayarudisha yanafutwa, unapewa nyingine.

Na jambo la nne: hati uliyoiweka rehani HAIJAPOTEA. Wapo wanaokopa kwa siri, deni likiwashinda wanakwenda kuapa kwamba hati imepotea ili wapate ya pili. Hicho ni kiapo cha uongo, nacho ni kosa la jinai. Kikundi hakitamsindikiza mtu kwenye njia hiyo, hata awe mwanzilishi.

Mwenye mali akifariki, hapo suala si hati kupotea tena, ni mirathi. Hata karatasi ikiwepo, haihami mpaka kipatikane cheti cha kifo na mahakama imteue msimamizi wa mirathi.

6. JINA LA NANI?

Hapa ndipo penye kiini. Miaka hii kumi tumewasindikiza akina mama kadhaa kufuatilia hati, na mara nyingi tatizo halikuwa karatasi. Mama alifika akitaka hati mpya ya kiwanja alichokijenga kwa jasho lake, na daftari likafunguliwa, jina lake halimo. Limo la mume, au la mkwe, au la mtoto wa kiume. Hakuna kiapo kinachoweza kumrudishia mtu kitu ambacho hakikuandikwa kwa jina lake.

Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza ilitoa hukumu ambayo kila mwanamke wa kanda hii anapaswa kuijua. Mama Holaria Pastory wa Mkoa wa Kagera alirithi shamba la ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 akaliuza kwa sh. 300,000/=. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani akidai kwamba kwa mila ya Kihaya mwanamke hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Shauri likapanda mpaka Mahakama Kuu, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na Katiba, na kwamba mwanamke ana haki ya kuuza kwa masharti yale yale ya mwanamume. Mwaka 1999 Sheria ya Ardhi ikaandika wazi kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Sheria hiyo ilianza kutumika Mei 2001.

Haki hiyo ipo. Lakini haki isiyoandikwa daftarini inadaiwa kwa miaka mahakamani, na iliyoandikwa inadaiwa kwa barua. Mama Holaria alishinda, lakini alilazimika kupanda mpaka Mahakama Kuu. Mwenye jina lake daftarini anahitaji losi ripoti na subira ya mwezi mmoja.

7. TULIPO SASA

Karatasi zenyewe zinapungua. Hisa za sokoni zinatunzwa kwenye kompyuta, na Wizara ya Ardhi imeanza kutoa hati za kielektroniki. Mchwa na mvua vitapungukiwa chakula. Lakini hatari nyingine zimekuja: namba ya simu iliyobadilishwa bila kutoa taarifa, namba ya siri aliyoambiwa mjukuu, jina la kitambulisho lisilofanana na jina la kwenye akaunti. Jina likitofautiana herufi moja tu, utazunguka ofisi mpaka viatu viishe.

Kwa hiyo kikundi kimekubaliana mambo haya. Kila mwanachama atakuwa na orodha ya namba za hati zake, nje ya nyumba zilimo hati zenyewe. Kila mwaka, kabla ya mgao, tutakuwa na mkutano mmoja wa kukagua majina, siyo wa fedha. Kila anayenunua kiwanja, hisa au vipande kwa mkopo wa kikundi ataonyesha kwamba jina lake limo, peke yake au pamoja na mwenzi wake. Na atakayepotelewa na karatasi atasindikizwa na wenzake wawili tangu polisi mpaka kwa Msajili, maana ofisini mtu akiwa peke yake huambiwa "njoo kesho" mara nyingi zaidi.

 Kwa wanaoanza vikundi vipya huko Butimba, Igogo na Nyegezi, neno letu ni moja: kabla hamjanunua kasha, nunueni daftari zuri lenye jalada gumu, na muandike majina yote matatu ya kila mama kama yalivyo kwenye kitambulisho chake.